Ile pesti ya chini ya feni: historia yake, na hesabu ya joto la Garsen

Leo naweka programu kando kidogo, tufungue sanduku lenyewe. Ndani ya kompyuta kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye risiti, muuzaji hakitaji, na wengi wetu tumetumia kompyuta miaka mingi bila kukiona. Ni ile pesti nyeupe au ya kijivu, laini kama dawa ya meno, inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, yaani lile pande la alumini au shaba lenye mapezi ambalo feni hukaa juu yake. Ukinunua mashine mpya, kiwanda kimeshaipaka. Ukibadilisha prosesa au feni, unatakiwa uipake mwenyewe.

Maswali yangu leo ni matatu. Pesti hii ilitoka wapi? Mbona kompyuta za kwanza za mezani hazikuwa nayo? Na kwa nini huku Tana River, hasa Garsen, jambo dogo kama hili linaweza kuamua kama maabara ya shule itaishi au itakufa? Nimesoma sayansi ya kompyuta chuoni, na kwa kweli sikumbuki somo hata moja lililogusa pesti. Tulifundishwa algorithimu. Joto liliachiwa mafundi.

Adui ni hewa

Tuanze na fizikia kidogo, msiogope. Chukua vipande viwili vya chuma vilivyosuguliwa mpaka vikang'aa, uvibane pamoja. Kwa macho vimegusana kila mahali. Kwa darubini utaona milima na mabonde, na milima tu ndiyo inayogusana. Mabonde yamejaa hewa.

Hewa ni mpitishaji mbaya sana wa joto. Wahandisi hupima uwezo wa kitu kupitisha joto kwa namba: shaba ina 400 hivi, alumini 200 na kitu, hewa ina 0.026 tu. Watu wa Pwani wanalijua jambo hili bila namba. Nyumba ya makuti ni baridi kuliko ya mabati, na sababu moja kubwa ni kwamba makuti yameshika hewa katikati, na hewa hiyo hulizuia jua lisishuke ndani. Hewa ile ile iliyo rafiki juu ya paa ni adui chini ya hitisinki. Hapo tunataka joto lipite upesi, nayo inalizuia.

Kazi ya pesti ni moja tu: kuifukuza hewa kwenye yale mabonde. Pesti yenyewe si mpitishaji hodari. Ile nyeupe ya bei nafuu ina namba chini ya 1, ile nzuri ina 4 au 8. Ukilinganisha na shaba ni mzaha. Lakini ukilinganisha na hewa, hata ile nyeupe ni bora mara thelathini. Kumbukeni hili, tutalirudia tukifika Garsen.

Kabla ya kompyuta za mezani

Kompyuta na joto walizaliwa siku moja. ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma kule Marekani mwaka 1946, ilikuwa na vali zipatazo 18,000, zile taa za kioo zinazofanana na balbu, na ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Karibu umeme wote huo uligeuka kuwa joto, nalo liliondolewa kwa feni kubwa. Vali haikuhitaji pesti kwa sababu ilikaa hewani na kupoa yenyewe, kama taa ya chemli.

Mambo yalibadilika na transista, iliyovumbuliwa Bell Labs mwaka 1947. Transista ni ndogo, na joto lake hutoka mahali padogo. Zile za nguvu, za redio na amplifaya, zilipaswa kufungwa kwenye bati la alumini ili zisiungue. Hapo ndipo tatizo la mabonde likaanza.

Dawa yake ilikuwa imeshapatikana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1943, katikati ya Vita Kuu ya Pili, kampuni mbili za Marekani, Dow Chemical na Corning Glass, ziliunda kampuni ya tatu iitwayo Dow Corning. Moja ya bidhaa zake za mwanzo ilikuwa grisi ya silikoni ya kuziba mfumo wa kuwashia injini za ndege za kivita, ili umeme usivuje ndege ikiruka juu sana. (Msichanganye: silikoni hii ya grisi na ile ya chipu ni ndugu tu, si kitu kimoja.) Sifa ya grisi hii ni kwamba haiyeyuki ovyo kwenye joto wala haigandi kwenye baridi. Wahandisi wa transista wakaichukua, wakaichanganya na unga wa oksaidi ya zinki, unga ule ule mweupe ulio ndani ya dawa ya kalamaini tunayopakwa utotoni tukiwa na tetekuwanga. Ikawa pesti nyeupe.

Kwa hiyo fundi wa redio aliijua pesti zamani kabla ya fundi wa kompyuta. Fundi yeyote wa zamani wa amplifaya anaijua transista inayoitwa 2N3055, ya miaka ya 1960, yenye kofia ya chuma na matundu mawili ya skrubu. Ukiifungua unakuta kikaratasi cha maika, na juu na chini yake pesti nyeupe.

Wakati huo kompyuta zenyewe zilikuwa vitu vya serikali, mabenki na mashirika makubwa. Tanzania iliweka ya kwanza mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, aina ya ICT 1500, kisha mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine za kizazi kile zilikaa katika vyumba vyenye viyoyozi, na joto lilikuwa kazi ya watu maalumu waliovaa makoti. Mwaka 1980 IBM ilitangaza mashine yake ya 3081, ambayo chipu zake ziliguswa moja moja na vijiti vya alumini, nafasi iliyobaki ikajazwa gesi ya heliamu, na maji yakapita juu. Kwa nini heliamu? Kwa sababu hupitisha joto karibu mara sita kuliko hewa. Mnaona? IBM na fundi wa redio walikuwa wanapigana na adui mmoja. Mmoja alitumia heliamu, mwingine kijiko cha pesti.

Kompyuta inatoka kwenye chumba baridi

IBM PC ilitoka mwaka 1981. Prosesa yake, Intel 8088, ilikaa uchi kabisa kwenye mazabodi. Hakuna hitisinki, hakuna feni yake, hakuna pesti. Feni pekee ilikuwa ya pawasaplai. Hata 386 ya mwaka 1985 ilikuwa hivyo kwa kawaida. Unaweza kusema kompyuta hizi ndizo zingefaa Garsen kuliko zote zilizokuja baadaye, ila wakati ule Garsen hazikufika.

486 ilitoka mwaka 1989. Ilipofika 486DX2 ya megahezi 66, mwaka 1992, watu walianza kuibandika hitisinki na kifeni kidogo. Mwaka 1993 ikaja Pentium ya kwanza, ya volti 5, iliyofika wati 16. Leo wati 16 ni chache, lakini wakati ule zilishtua. Kuanzia hapo hitisinki haikuwa pambo tena.

Kwa nini joto liliendelea kupanda? Mwaka 1974 mhandisi wa IBM, Robert Dennard, na wenzake walieleza kwamba ukiipunguza transista ukubwa, unaweza kuipunguzia na volti, hivyo eneo lile lile la chipu halitaongeza joto hata likijazwa transista nyingi zaidi. Kanuni hiyo ilibeba sekta nzima kwa miaka thelathini. Lakini viwanda havikutosheka na alichotoa Dennard. Viliongeza pia kasi ya saa ya prosesa, mwaka hadi mwaka, kwa sababu megahezi ndizo zilizouza mashine. Athlon ya AMD ya gigahezi 1.4, mwaka 2001, ilitoa wati 72.

Mwaka huo huo wa 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video iliyozunguka dunia nzima. Waliwasha mchezo wa kompyuta, kisha wakaing'oa hitisinki mashine ikiwa inafanya kazi. Pentium III iliganda lakini ikapona. Athlon ilitoa moshi ikafa. Pentium 4 ilifanya jambo la ajabu: iliendelea kucheza, ila polepole sana. Intel ilikuwa imeipa kipimajoto cha ndani na uwezo wa kujipunguza kasi yenyewe ikizidiwa na joto.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini mimi kama mtu wa programu naona jambo la pili katika video ile. Tangu siku hiyo, prosesa yenye joto haifi mbele yako. Inakuwa mzembe kimya kimya. Haitoi onyo kwenye skrini, haiandiki kosa. Programu yako inakwenda nusu ya kasi na hujui kwa nini. Basi unalaumu Windows, unalaumu kirusi, unamlaumu aliyeandika programu.

Mwaka 2004 ikaja Pentium 4 ya kizazi cha Prescott. Transista zilipunguzwa ukubwa kama kawaida, lakini safari hii umeme ulivuja ndani yake hata zikiwa zimelala, na joto likapanda badala ya kushuka. Baadhi zilifika wati 115. Kanuni ya Dennard ilikuwa imefika mwisho. Mwezi Mei mwaka huo Intel ilifuta prosesa iliyokuwa ifuate, Tejas, na mwaka 2006 ikarudi na Core 2 Duo ya wati 65, yenye viini viwili na kasi ndogo ya saa.

Miaka hiyo ndiyo pesti ilipopata umaarufu. Kampuni ya Arctic Silver ya Marekani ilitoa pesti yenye unga wa fedha, vijana wakabishana usiku kucha kama unapaka tone moja kama punje ya mbaazi, mstari, au alama ya X. Mwaka 2012 wengine walikasirika Intel ilipoweka pesti chini ya kofia ya chuma ya prosesa zake za Ivy Bridge, mahali ambapo kizazi kilichotangulia kilikuwa na risasi ya kulehemu. Wengi wao waliishi kwenye nchi za baridi. Kwao ilikuwa mchezo wa kupata nyuzi tatu au nne.

Sasa twende Garsen

Garsen iko kaskazini ya Malindi, kwenye njia ya kwenda Garissa, na pale Minjila ndipo unapokata kwenda Witu na Lamu. Ni nchi tambarare ya delta, mto Tana unapita. Wakati wa kaskazi, kabla ya masika, saa nane mchana nyuzi 35 si habari ya kumwambia mtu. Vumbi ni la kwake lenyewe, jembamba kama unga wa ngano.

Mto huo huo ndio unaozungusha mitambo ya Kindaruma (1968), Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere huko juu, na kwa miaka mingi umeme wake ulikwenda Nairobi huku miji ya chini kama Hola ikitegemea jenereta za dizeli. Nataja hili kwa sababu moja: kiyoyozi kwenye maabara ya shule huku ni ndoto. Hewa inayoingia kwenye kompyuta ni hewa ya Garsen kama ilivyo.

Fomula ni moja tu:

Joto la prosesa = joto la hewa inayoingia kwenye feni + (wati × ukinzani wa njia ya joto)

Tuchukue Pentium 4 Prescott ya wati 84. Intel ilitaka kofia yake isipite karibu nyuzi 68, na ilitaka hewa inayoingia kwenye feni isipite nyuzi 38 hivi. Kwa hiyo tuna bajeti ya nyuzi 30 kati ya hewa na prosesa.

Pesti inakula kiasi gani cha bajeti hiyo? Chukua eneo la sentimita 3 kwa 3, na tabaka la milimita 0.05, yaani kama nusu ya unene wa karatasi.

- Hewa tupu: nyuzi 180. (Kwa kweli vyuma hugusana hapa na pale, kwa hiyo haifiki huko, lakini umeona hatari yake.)
- Pesti nyeupe ya namba 0.8: karibu nyuzi 6.
- Pesti nzuri ya namba 4: kama nyuzi 1.2.
- Pesti nyeupe iliyopakwa nene, milimita nusu, ikabaki hivyo: nyuzi 58!

Kwa hiyo mashine ikiwa mpya na pesti nyeupe, hitisinki inatumia nyuzi 24 na pesti 6. Jumla 30. Imetosha.

Sasa ipeleke Nairobi. Nje nyuzi 24, ndani ya sanduku hewa hupanda, tuseme 8 zaidi, inakuwa 32. Bajeti ni 68 kutoa 32, yaani 36. Hitisinki inachukua 24 zake, zinabaki 12 za pesti. Pesti mpya inahitaji 6 tu. Ikizeeka ikawa mbaya mara mbili, bado inatosha. Nairobi husamehe.

Ilete Garsen. Nje 35, jumlisha zile 8, inakuwa 43. Bajeti ni 25. Hitisinki inachukua 24. Inabaki nyuzi moja. Pesti mpya kabisa ya kiwandani inahitaji sita. Yaani mashine hii, ikiwa haina kosa lolote, ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane mchana, imeshapita mpaka. Na pesti yake ikizeeka ikawa mbaya mara tatu, inahitaji 17 wakati iliyopo ni 1.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Prosesa haifanyi kazi kwa nguvu zote kila dakika, na kila sanduku lina tabia yake. Lakini mwelekeo wake ni wa kweli. Waliobuni mashine hawakufanya kosa. Waliacha nafasi ya kutosha kwa hewa ya ofisi zao. Sehemu ile waliyoiacha kwa ajili ya uzee wa pesti, Garsen inaliwa na hali ya hewa siku ya kwanza.

Mashine zinazokuja zimeshazeeka

Na mara nyingi siku ya kwanza ya Garsen si siku ya kwanza ya mashine. Kompyuta nyingi za shule na saiba zetu zilikuja zikiwa mitumba, zimetumika miaka mitatu au minne Uingereza au kwingineko. Zikafutwa vumbi, zikawekewa Windows, zikauzwa. Ni wachache sana waliofungua hitisinki. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilipotangaza Mpango wa Kuchochea Uchumi, ndani yake mlikuwa na fedha za kompyuta kwa shule tano za upili katika kila eneo bunge, na Garsen ni eneo bunge. Ulikuwa mpango mzuri, lakini kompyuta haiishi kwa kununuliwa. Inaishi kwa kutunzwa.

Pesti huzeeka namna mbili. Kwanza, mafuta yake hujitenga na unga, kidogo kidogo, mpaka unabaki unga mkavu wenye nyufa, na ndani ya nyufa hewa inarudi. Joto likizidi, hilo huharakishwa. Pili, chuma hutanuka kikipata moto na kunywea kikipoa, na kila mzunguko huisukuma pesti nje kidogo. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi mara tatu kwa siku, mizunguko ni mingi.

Mwaka jana nilikwenda shule moja ya upili karibu na Garsen kuweka programu ya kutunza alama za wanafunzi. Maabara ilikuwa na mashine za Core 2 Duo. Mwalimu wa kompyuta akaniambia, "Ndugu yangu, hizi tumeziformati mara tatu mwaka huu. Asubuhi zinakwenda vizuri. Ikifika saa sita zinalala."

Nikamuuliza, "Mwalimu, na jioni?"

"Jioni zinaamka."

Hapo nikajua. Kirusi hakiangalii saa. Programu mbovu ni mbovu asubuhi na jioni. Kinachopanda saa sita na kushuka jioni ni jua.

Tulimwita fundi mmoja kutoka Minjila, mtu wa redio na simu. Tulipoifungua hitisinki ya kwanza, pesti ilikuwa ganda la kijivu, linamomonyoka kama ukoko wa ugali. Fundi akacheka akasema, "Hii ni ile ya amplifaya. Imekufa zamani." Hakuhitaji kufundishwa na mtu mwenye digrii. Tulisafisha kwa spiriti na kitambaa cha pamba, tukapuliza vumbi kwenye mapezi, tukapaka pesti yake nyeupe. Mashine mbili tulikuta feni zenyewe zimekufa, hizo zikangoja spea. Zilizobaki zilipita mchana bila kulala.

Kwa mwalimu yule halikuwa jambo la starehe. Mtihani wa KCSE wa somo la kompyuta una karatasi ya vitendo, mwanafunzi anakaa mbele ya mashine na dakika zinahesabiwa. Mtoto wa Garsen na mtoto wa Nairobi wanapewa swali moja na muda mmoja. Mmoja akipata prosesa iliyojipunguza kasi kwa sababu ya joto, hakuna msahihishaji atakayelijua hilo. Ataona kazi haikumalizika, basi.

Historia inatufundisha nini

Kwanza, kupaka pesti si kazi ya wachezaji wa gemu peke yao. Kwa nchi ya joto ni matengenezo ya kawaida, kama kubadilisha oili ya pikipiki. Kwa Garsen, Hola, Lamu au Garissa, mimi ningefungua mashine ya mtumba siku ile ile inaponunuliwa, kisha kila baada ya mwaka mmoja au miwili.

Pili, tabaka jembamba. Historia nzima, kuanzia 2N3055 mpaka leo, ni ya kujaza mabonde. Hakuna aliyetaka kujenga ukuta. Tone la ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, kaza hitisinki sawasawa pembe kwa pembe, mkandamizo utaisambaza wenyewe. Ukiona imefurika pembeni kama siagi kwenye mkate, umezidisha. Na hakikisha hitisinki imebana. Kibano kilicholegea huacha tabaka nene, na mmeona zile nyuzi 58.

Tatu, usidanganyike na dawa ya meno wala mafuta ya kujipaka. Dawa ya meno hufanya kazi kweli siku ya kwanza, kwa sababu ina maji, na maji hupitisha joto kama mara ishirini kuliko hewa. Kisha maji yanakauka, unabaki na chokaa. Joto la Garsen halitaisubiri.

Nne, na hili ndilo la pesa. Rudini kwenye hesabu. Kutoka pesti nyeupe kwenda pesti ya bei kali unapata nyuzi 5 hivi. Kutoka sanduku lililozibwa na vumbi, lililosukumwa ukutani chini ya dirisha la jua, kwenda sanduku safi lililoachiwa nafasi nyuma, zile nyuzi 8 za ndani zinaweza kushuka kuwa 3. Ni nyuzi 5 zile zile, na hizi hazinunuliwi dukani. Hewa iliyokuwa 43 inakuwa 38, na 38 ndiyo namba waliyoitaka Intel. Shule yenye pesa afanye yote mawili. Isiyo na pesa ianze na ufagio, pesti nyeupe na paa la kivuli.

Na kwa wanaonunua leo: angalieni wati kabla ya kuangalia gigahezi. Tableti zilizogawiwa shule za msingi za Kenya kuanzia mwaka 2016 hazikuwa na feni kabisa. Intel N100 ya mwaka 2023 ni ya wati 6, chini ya ile Pentium ya 1993, na inaiacha mbali Pentium 4 yenye joto la pasi. Upande wa pili, kuna prosesa za mezani za siku hizi zinazovuka wati 250. Usiipeleke hiyo Garsen bila kiyoyozi, hata ukiipaka dhahabu.

Sisi waandishi wa programu tunapenda kudhani mashine yetu ya mezani Nairobi au Mombasa ndiyo mashine ya kila mtu. Siyo. Programu ile ile, prosesa ile ile, nyuzi kumi na moja za hewa tofauti, zinakuwa kompyuta mbili. Mimi siku hizi mteja wa Tana River akinipigia kusema mfumo wangu ni mzito, swali langu la kwanza si la programu tena. Namuuliza ni saa ngapi.

Haya, kazi kwenu. Chomoeni waya wa umeme kwanza.